Kompyuta ya gemu Lubumbashi: skrini na umeme kwanza, kadi baadaye

Kijana anayeingia duka la kompyuta mjini Lubumbashi na akiba yake mfukoni huuliza jambo moja kabla ya mengine: "Yaya, kadi gani ndiyo kali kuliko zote?" Ana haki ya kuuliza, kwa sababu kadi ya michoro, ile inayochora picha za gemu, ndiyo inayomeza pesa nyingi kuliko kipande kingine chochote. Lakini ukianzia hapo unaweza kutumia dola 4,000 na kubaki na mashine inayozimika kila umeme unapoyumba, inayochora picha ambazo skrini yako haiwezi kuzionyesha, na iliyoziba vumbi kabla mvua za Novemba hazijashuka.

Mpangilio ninaoutetea ni tofauti. Chagua skrini kwanza. Kisha pima umeme wa nyumba yako. Kadi ya michoro ije ya tatu, prosesa ya nne, na vilivyobaki vitafuata karibu vyenyewe. Unaponunua mashine ya bei kubwa, ugumu si kupata kipande chenye nguvu. Hivyo vipo kwa yeyote mwenye pesa. Ugumu ni kwamba kila kipande kinakiwekea kingine mpaka, na katika mji wetu mpaka wa kwanza unatoka ukutani.

Kinachoamuliwa na skrini

Kazi yote ya kompyuta ya gemu ni kujaza pikseli za skrini, mara nyingi kila sekunde. Skrini ya Full HD ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani kama milioni 2.1. Ile inayoitwa 1440p ina 2,560 kwa 1,440, karibu milioni 3.7. Ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, milioni 8.3, ambazo ni mara nne kamili ya Full HD. Kadi inayotamba kwenye Full HD inaweza kuhema kwenye 4K, na kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya 4K ikiwekewa skrini ya Full HD hukaa ikisubiri kazi.

Namba ya pili ni Hz, yaani skrini inabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Ya Hz 60 inaipa kompyuta milisekunde 16.7 za kuandaa kila fremu, yaani kila picha moja. Ya Hz 144 inaipa milisekunde 6.9, na ya Hz 240 inaipa 4.2 tu. Ukishajua pikseli ngapi na milisekunde ngapi, tayari umejua unahitaji kadi ya namna gani na prosesa ya namna gani, hata kabla ya kusikia jina la kampuni yoyote.

Kwa wengi nitasema bila kusita: inchi 27, 1440p, Hz 144 au zaidi kidogo. Picha ni safi, na mzigo wake unabebwa na kadi isiyohitaji umeme wa kutisha. Anayecheza gemu za kushindana, ambako sehemu ndogo ya sekunde inaamua nani anaanguka, anaweza kubaki na Full HD ya Hz 240 na kuelekeza pesa kwenye prosesa. 4K imfae anayependa gemu za hadithi ndefu, zenye mandhari ya kutazamwa taratibu, na ambaye nyumba yake ina umeme wa kuitosha.

Prosesa na kadi: nani anamsubiri nani

Watu husema prosesa fulani "inaibana" kadi fulani, kana kwamba ni ugonjwa wa kudumu wa vipande hivyo viwili. Sivyo. Kila fremu inapita mikono miwili. Prosesa inakokotoa mambo ya ndani ya gemu: adui yuko wapi, risasi imegonga nini, mlango umefunguka au la, halafu inatoa maagizo ya kuchora. Kadi inapokea maagizo hayo na kupaka rangi kila pikseli. Ni kama jikoni: anayeleta unga akichelewa, anayesonga bukari anasimama na mwiko mkononi, na unga ukifika mwingi kuliko anavyoweza kusonga, aliyeleta ndiye anayesimama.

Nani anachelewa inategemea gemu na skrini. Ukiongeza pikseli, kazi ya kadi inakua lakini ya prosesa inabaki karibu ileile. Ndiyo maana kwenye 4K prosesa ya kawaida na ya ghali mara nyingi hutoa fremu zinazokaribiana, na kwenye Full HD tofauti yao inaonekana wazi. Kipimo chake ni rahisi: punguza pikseli ndani ya mipangilio ya gemu. Fremu zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa inachelewa. Zikibaki palepale, ni prosesa, na hutazidisha chochote kwa kununua kadi mpya.

Kwa gemu, kinachoitofautisha prosesa siku hizi si wingi wa viini vyake (sehemu zake zinazofanya hesabu kwa pamoja) bali ni kache, kumbukumbu ndogo ya kasi sana iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Gemu hurukaruka kutafuta vipande vidogo vya data, na kila data isipopatikana kwenye kache prosesa inalazimika kuifuata kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta iliyo nje ya prosesa, safari inayochukua muda mrefu kwa hesabu za prosesa. Kampuni ya AMD ilipachika safu ya ziada ya kache katika prosesa zake zenye jina linaloishia X3D. Ryzen 7 9800X3D, iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 479, ina viini vinane tu, lakini ina MB 96 za kache ya ngazi ya tatu, na katika gemu inazipita prosesa zenye viini mara mbili au tatu. Kama kompyuta hiyohiyo itatumika kuhariri video za harusi au kuchora ramani za mgodi, hapo viini vingi vina maana yake. Kwa gemu pekee, usilipie viini ambavyo havitaitwa kazini.

Kadi yenyewe

Kizazi cha 2025 kina kadi nne ambazo mtu mwenye bajeti kubwa huzifikiria. RTX 5090 ya NVIDIA ilitangazwa kwa dola 1,999. Ina GB 32 za kumbukumbu na inaweza kuvuta wati 575. RTX 5080 ilitangazwa kwa dola 999, na ina GB 16 na wati 360. RTX 5070 Ti: dola 749, GB 16, wati 300. Radeon RX 9070 XT ya AMD: dola 599, GB 16, wati 304. Hizo ni bei zilizotangazwa Marekani siku ya uzinduzi. Madukani mara nyingi zilipandishwa, na bado hujalipa usafiri wala ushuru.

Soma tena safu ya wati. 5090 peke yake inavuta karibu mara mbili ya 5070 Ti. Ni kadi ya ajabu, na kwenye 4K haina mpinzani, lakini kwa skrini ya 1440p ninayoipendekeza, 5070 Ti au 9070 XT inatosha kabisa. Tofauti ya bei, zaidi ya dola 1,200, inaweza kununua mfumo mzuri wa umeme utakaoilinda kompyuta na vingine vyote chumbani.

Kumbukumbu ya kadi nayo iangaliwe kwa makini. Picha za kuta, nyuso na nguo ndani ya gemu hukaa humo. Zikizidi nafasi, kadi inaanza kuzivuta kutoka RAM ya kompyuta, na mchezo unakwamakwama hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri. GB 8 hazitoshi tena kwa mashine ya hadhi hii. GB 12 zinabana. GB 16 zina nafasi ya kupumua.

Kuna pia zile fremu za kubuniwa. DLSS ya NVIDIA na FSR ya AMD, programu zinazoisaidia kadi, zina kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza inachora picha kwa pikseli chache kisha kuikuza, na hiyo kweli inapunguza kazi ya kadi. Ya pili inaingiza fremu za kukisia katikati ya zile zilizochorwa kweli. Macho yanaona ulaini, lakini kidole chako kinajibiwa kwa mwendo wa zile fremu za kweli tu. Ukianza na fremu 30 halisi na namba ikapanda hadi 120, gemu litaonekana la 120 na kuhisiwa zito kama la 30. Kwa hiyo tangazo likikuonyesha kadi ndogo "sawa na" kubwa, uliza kwanza fremu zimehesabiwaje.

Na kama gemu zako ni za mtandaoni, ujue kwamba hakuna kadi inayofupisha njia kati ya Lubumbashi na seva iliyoko Johannesburg au Ulaya.

Umeme

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda, kwa sababu ushauri mwingi kuhusu kompyuta hizi umeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaotufikia Katanga unatoka kwenye mabwawa ya huku, kama Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba na Mwadingusha kwenye Lufira, na pia Inga, kwa njia ya msongo mkubwa ya karibu kilomita 1,700 iliyofika Kolwezi na kuanza kazi mwaka 1982. Migodi inachukua sehemu kubwa. Mitaani tunabaki na delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, na jioni, kila nyumba inapowasha vyake, volti zinashuka chini ya zile 220 zilizoandikwa.

Kushuka huko peke yake si adui mkubwa wa kompyuta nzuri. Pawa saplai, kifaa kinachoupokea umeme wa ukutani na kuwagawia vipande vya kompyuta, ikiwa bora siku hizi imeandikwa volti 100 hadi 240, na volti zikishuka inavuta ampea zaidi tu na kuendelea na kazi. Kinachoua ni mambo mawili mengine: umeme kurudi kwa kishindo ukiwa juu ya kiwango, na radi za msimu wa mvua. Kwa hiyo stabilaiza ya bei rahisi, ile inayotoa mlio wa ta-ta-ta kila volti zinapobadilika, haikusaidii sana. Kinachosaidia zaidi ni kifaa kinachokata umeme ukizidi na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha, kama kile ambacho watu hufungia friji. Radi ikianza kweli, chomoa plagi, na waya wa intaneti pia.

Kisha UPS, kifaa chenye betri kinachoishika kompyuta umeme ukikatika. Pawa saplai ina akiba ndogo ndani yake: kwa viwango vya ATX 3.1, vinavyotumika kutengeneza pawa saplai, inapaswa kuendelea kwa milisekunde 17 baada ya umeme kukatika ikiwa na mzigo wa asilimia 80, lakini 12 tu ikiwa imejazwa mzigo kamili. UPS nyingi za kawaida huhitaji kama milisekunde 4 hadi 10 kuhamia kwenye betri. Ndiyo sababu ya kweli, hapa kwetu, ya kununua pawa saplai kubwa kuliko hesabu: si fahari, ni kujipatia zile milisekunde za ziada. Chukua UPS inayotoa wimbi laini, lenye umbo lilelile la umeme wa ukutani. Zile zinazotoa wimbi la ngazi-ngazi wakati mwingine hazipatani na pawa saplai za kisasa, na kompyuta inazimika palepale ilipotakiwa kuokolewa.

Tufanye hesabu. Kadi ya wati 300, prosesa ya kama wati 120, na vipande vingine wati 80, jumla 500. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta karibu wati 555 ukutani; ongeza skrini, unafika 600. UPS iliyoandikwa VA 1,500 mara nyingi hutoa kama wati 900, basi inatosha. Soma namba ya wati, si ya VA (volti mara ampea) pekee, kwani VA ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. UPS hiyo itakupa dakika chache za kuhifadhi mchezo na kuzima, si jioni nzima. Kwa jioni nzima unahitaji inveta na betri: wati 600 kwa saa nne ni kWh 2.4, nazo ndizo hasa zinazohesabiwa katika betri moja ya volti 12 na Ah 200. Lakini betri ya risasi ukiimaliza yote kila siku inakufa mapema, kwa hiyo hesabu nusu yake, yaani saa mbili kwa betri. Rudia hesabu hiyo ukiwa na 5090 na utapata karibu wati 900 ukutani. Sasa unaona kwa nini nilisema kadi ije baadaye.

Kuhusu pawa saplai yenyewe: wati 850 kwa kadi ya daraja la 5070 Ti au 5080, na 1,000 au zaidi kwa 5090. Alama ya 80 PLUS Gold inakuambia ni umeme kiasi gani unaopotea kuwa joto; haikuambii kama kifaa ni imara. Tafuta kampuni inayotoa dhamana ya miaka kumi. Kwa kadi za NVIDIA hakikisha kuna waya wa 12V-2x6 unaotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, usukume hadi mwisho, na usiukunje karibu na kichwa chake. Tangu 2022 kumekuwa na kadi zilizoyeyuka pale waya unapoingia, na vichwa visivyoingia hadi mwisho ni miongoni mwa sababu zilizobainika.

Jambo la mwisho kuhusu umeme ndilo linalosahauliwa zaidi: waya wa ardhini. Nyumba nyingi zina soketi ambazo tundu lake la ardhi halijaunganishwa na chochote. Ukigusa chuma cha kasha ukahisi kutekenywa, hiyo ndiyo dalili. Kichujio kilicho ndani ya pawa saplai kinaacha chuma hicho kielee kwenye nusu ya volti za ukutani, kwa mkondo mdogo usioua mtu lakini unaoweza kudhuru tundu la HDMI au USB siku unapochomeka kitu. Bila ardhi, hata vifaa vya kuzuia mishtuko ya umeme vinakosa pa kuimwaga. Mwite fundi wa umeme apigilie nondo ya shaba nje na kuvuta waya, kabla hujanunua kadi.

Vumbi na joto

Kuanzia Mei hadi Septemba hakuna mvua, na vumbi jekundu linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Nunua kasha lenye vichujio mbele na chini vinavyotoka bila kufungua skrubu, kisha panga feni ili hewa inayoingia iwe nyingi kuliko inayotoka: mbili au tatu mbele, moja nyuma. Hewa ya ziada itasukumwa nje kupitia nyufa, na vumbi halitavutwa humo.

Mwisho wa Septemba na Oktoba ndipo joto linapopanda kabla ya mvua. Kila digrii inayoongezeka chumbani inaongezeka pia kwenye kadi na prosesa, karibu moja kwa moja. Na kwa kuwa tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, ikibeba joto kidogo kuliko pwani. Usinunue kipozi kinachotosha tu. Nunua kinachozidi kidogo.

Kati ya kipozi cha hewa na cha maji, hapa nachagua cha hewa. Cha maji kina pampu, na pampu ikifa baada ya miaka mitano hutaipata kwenye mitaa yetu ya Kenya wala Bel-Air. Cha hewa ni mabomba ya shaba na mapezi ya alumini. Kinachoweza kufa ni feni tu, nayo inabadilishwa kwa dola chache. 9800X3D haina moto wa kuhitaji zaidi ya hapo. Huwa nafurahi kukiona kipozi kizuri cha shaba kikirudi katika mji uliojengwa juu ya shaba, na ninatamani siku ambapo hakitalazimika kuzunguka dunia nzima kabla ya kurudi.

Vilivyobaki

Madabodi, bamba linalounganisha vipande vyote, haiongezi fremu. Kwa prosesa ya soketi ya AM5, kama 9800X3D, yenye chipu ya B850 inatosha. Za bei kubwa zaidi zinakuuzia matundu mengi na taa. Angalia iwe na kitufe cha kubadilisha BIOS (programu ya msingi ya madabodi) bila prosesa, kwa sababu siku moja kitakuokoa.

RAM: GB 32 za DDR5 katika vipande viwili, si vinne, mwendo wa 6000 na CL30 (kipimo cha kuchelewa kwake kujibu). Ingia BIOS uwashe EXPO, mpangilio unaoipa RAM mwendo wake kamili, la sivyo itakimbia polepole kuliko ulicholipia. Wapo wanaokaa miaka bila kuiwasha. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda vibaya kwa sababu viwanda vilielekea kwenye vituo vya data vya akili bandia, basi linganisha bei mara mbili kabla ya kulipa.

SSD (diski ya kuhifadhia gemu) ya NVMe ya PCIe 4.0, inayosoma karibu MB 7,000 kwa sekunde, inatosha. Ile ya 5.0 yenye mara mbili ya mwendo huo haitafungua gemu kwa tofauti unayoiona. Ongeza ukubwa badala ya mwendo: TB 2 angalau. Gemu kubwa nyingi leo zinazidi GB 100, na kwa bei ya intaneti yetu kulifuta moja ili upate nafasi ni hasara utakayoilipa tena wakati wa kulipakua.

Kuleta na kukagua

Vipande vingi vinatufikia kutoka Dubai, Guangzhou, Johannesburg au Dar es Salaam, na vya barabarani hupita Kasumbalesa, kama kilomita 90 kutoka hapa. Weka kwenye bajeti tangu mwanzo ushuru wa DGDA (idara ya forodha), ukaguzi wa OCC (ofisi ya kukagua bidhaa) na TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Dhamana mara nyingi inabaki kule ulikonunua, kwa hiyo kwa pawa saplai na kadi, muuzaji wa hapa anayekubali kwa maandishi kuipokea iliyoharibika anastahili kulipwa zaidi kidogo.

Usilete mashine iliyokwisha kuunganishwa ikiwa na kadi ndani. Kadi nzito ikitikiswa kwenye lori siku nyingi inaweza kupasua tundu lake kwenye madabodi. Lete maboksi, unganisha hapa.

Kadi iliyotumika inunuliwe ikiwa imewashwa mbele yako. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa BIOS ili zijitaje kwa jina jipya. Programu ya bure ya GPU-Z huweza kuzitambua na kuandika wazi kwamba ni bandia. Linganisha namba ya mfululizo (serial number) iliyo kwenye kadi na iliyo kwenye boksi, endesha gemu zito nusu saa, sikiliza feni, tazama joto. Muuzaji akikuambia umeme wa dukani hautoshi kwa jaribio hilo, panga naye siku nyingine, pesa zikiwa bado kwako.